Mzee Wabuge na Wali Wake wa Krismasi

Kwa Baba yetu, Mzee Wabuge Mulongo, mpishi.

Mwaka umezunguka, Baba, tangu utuache Januari ile ya baridi, na hapa mtaani Huruma, Eldoret, bado watu wananisimamisha njiani kuulizia wali wako. Hawaulizi uliugua nini. Wanauliza, eti Nasike, ule wali wa baba yako wa Krismasi, siku hizi nani anaupika? Mimi natabasamu, halafu nikifika mlangoni nalia kidogo kabla ya kuingia, ndio Mama asinione.

Umetuacha na pengo, tuseme ukweli. Ulikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye harufu ya tangawizi. Uliwapikia masista wa misheni tangu mimi nikiwa mtoto wa nasari, na hukuwahi kurudi nyumbani ukinung'unika. Aliyekuja na njaa hukumuuliza ametoka wapi. Soksi zako ulifua mwenyewe kila Jumamosi, na ole wake aliyezigusa kwa kamba.

Ni Sista Mirtha, mmoja wa masista hao, aliyekufundisha ule wali wa chaufa, wali wa kukaanga kwa mayai na tangawizi. Yeye ni mtu wa Lima, kule Peru, lakini babu ya babu yake alikuwa Mchina aliyepelekwa huko kukata miwa. Hadithi hiyo hukuichoka, kwa sababu wewe pia ulikata miwa kwetu magharibi kabla ya kuja Eldoret kutafuta kazi. Ulitusimulia jinsi wale Wachina walivyopika na walichokikuta, mpaka watu wa Peru wakakipenda chakula chao na kukifanya chao. Hata leo, ulisema, tangawizi kule inaitwa kion, jina la Kichina, na familia ikiwa na sherehe inaenda kula kwa Mchina. Ulikuwa unamwambia mkwe wako Kipkorir, mume wangu, mwenyeji wa Ainabkoi hapa karibu, kwamba sisi nasi tulikuja hapa na mboga yetu ya mrenda, na saa hii yeye ndiye anaimaliza.

Ukifika mwaka mpya wa Kichina ulitundika karatasi nyekundu mlangoni, ukatueleza vile watu wanavyocheza ndani ya simba wa kitambaa kwenye mtaa wa Wachina huko Lima. Majirani waliuliza ni chama gani cha siasa kimefungua ofisi. Wewe ulicheka tu, ukawapa chai.

Lakini siku yako hasa ilikuwa Krismasi. Mwaka mzima hukugusa mwiko wa Mama, ila asubuhi hiyo jiko lilikuwa lako. Ulitoka misheni na ndoo ya wali umeifunika kwa leso, ukawasha makaa mpaka yakawa mekundu, ukateleka lile karai ulilotengenezewa na mafundi wa jua kali. Kuku, mayai, tangawizi, kitunguu cha majani, na ile sosi nyeusi ya soya. Punje ziliruka moja moja. Mama akigusa ndoo na kuuliza mbona wali ni baridi, ulijibu bila kuinua macho, "Nimetoka nao jikoni sasa hivi. Hii ni baridi ya Eldoret." Naye akaridhika, akapakua sahani za majirani.

Na unamjua Mama yetu, Nanyama. Kwake mgeni hapewi kiporo. Chakula kilicholala ni cha wenye nyumba, tena na chai ya asubuhi, na afadhali mgeni anywe maji ya moto kuliko kupewa wali wa jana.

Ulipoenda, alijaribu kuupika Pasaka. Alipika wali mzuri asubuhi hiyo, akaumwaga kwa karai ukiwa bado unatoa mvuke. Ukashikana wote, ukawa kama ugali wenye mayai. Kipkorir alikula kwa heshima, kisha akaulizia maziwa. Mama aliweka mwiko chini akasema umeenda na mkono wako. Tangu hapo hakutaka kusikia habari ya Krismasi; alisema tutakunywa chai na mandazi, siku ipite. Hapo ndipo tuliogopa, Baba. Wewe tulikuwa tumekuzika, na sasa Mama alikuwa anatupotea akiwa ameketi papo hapo.

Desemba Sista Mirtha, ambaye alisharudi kwao Lima, akapiga simu kutujulia hali. Nikamweleza masaibu yetu. Aliuliza kitu kimoja tu: wali wenyewe mliupika lini? Nikamjibu asubuhi hiyo hiyo, kwani si ni wa wageni? Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia chaufa inataka wali uliolala. Ndivyo Wachina walivyowafundisha, kwamba wali wa jana hautupwi. Na wewe ulijua tangu mwanzo. Kila mkesha wa Krismasi uliupika misheni na kuulaza huko huko, mbali na macho ya mke wako.

Nilimwambia Mama nikiwa nimesimama karibu na mlango. "Yaani huyu mzee amenilisha kiporo miaka hii yote," akasema, "na mimi nawapelekea majirani nikijigamba?" Kisha akacheka, Baba, kile kicheko chake cha zamani, hadi akashika meza. Kicheko kikageuka kilio, nasi tukamwacha alie, maana hakuwa amelia tangu tulipokuzika kwetu Kimilili.

Mkesha ulipofika alipika wali mwenyewe, akautandaza kwa sinia, akaufunika kwa leso yako ile ile. Asubuhi ndugu yangu Kituyi akawasha makaa. Wali ulitoka sawasawa, Baba, punje moja moja. Majirani walipata sahani zao na hatukuwaambia kitu. Wakisoma hapa, watusamehe. Kipkorir aliongeza mara mbili. Ni wewe tu ulikosekana, na ulikosekana vibaya. Kila aliyeonja alitazama kiti chako.

Jana Mama alinikuta nikiandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Akasema, "Mwambie nimejua."

Basi amejua, Baba. Hajakasirika. Anasema tu anatamani ungekuwa hapa akugombeze.

Tunaokukumbuka ni mke wako Nanyama, watoto wako Nasike na Kituyi, mkwe wako Kipkorir, wajukuu, majirani wa Huruma, na Sista Mirtha kule Lima. Tutakukumbuka daima, siku za sherehe na siku za kawaida.