Boriti za Lamu Ndani ya Dubai

Kaka Athman,

Hamjambo huko? Sisi joto limetukaanga. Jana nilikuwa na ofu hotelini, nikaingia nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, sasa ni makumbusho, yenye mnara wa kunasa upepo. Ndani mna ubaridi kama chumbani kwa mama. Mzee mlinzi akaniuliza kwetu wapi. Nilipomjibu Lamu, akanyoosha kidole darini.

"Basi boriti hizi ni zenu. Zililetwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa."

Nikalia, kaka. Mimi ndiye niliyekwambia uvunje dari ya mama, yenye boriti kama hizo, tumwage zege. Nilikosea. Kama fundi hajaanza, mzuie. Nataka nilale tena chali pale, nizihesabu boriti kama utotoni, mpaka usingizi unichukue.

Nibusie wanao.

Dadako akupendaye,
Khadija