Nyasi Aliyoing'oa Mama

Mbarara, Jumapili

Kaka Kizito,

Mimi mzima, ila nimechoka. Hapa maabara tulichavusha ngano kwa nyasi ya mwituni isiyoshikwa na kutu, ugonjwa uliomaliza shamba letu kule milimani. Miche mingi ilikufa. Juzi kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba mmoja umerithi kinga ya nyasi. Nikaenda Rubondo kumwambia Mama.

"Ile nyasi nilikuwa naing'oa maisha yangu yote?" akauliza. Alicheka mpaka akakohoa damu.

Amenikataza kukuandikia, eti utaacha kazi. Daktari anasema mapafu yamekwisha. Ngano yangu inataka miaka, Mama hana. Uje, kaka. Kila pikipiki ikisimama nje, anauliza kama ni wewe.

Mdogo wako,
Eugénie