Tulimwambia Mwajuma Uko Likizo

Ilala, Jumapili, baada ya adhuhuri

Shikamoo, Dada Rukia.

Najua marahaba haitakuja. Lakini sikuwahi kuanza maneno na wewe bila shikamoo, na leo sitaanza. Ni mimi Tausi, mhudumu wako wa wodi ya watoto, yule uliyekuwa ukimwambia anafagia kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Kila siku huwa naandika mambo ya siku hiyo katika daftari langu, unajua, ulikuwa ukinicheka. Leo nimelifungua nikaona siwezi kujiandikia mwenyewe. Kesho asubuhi naingia zamu, na kuna jambo linanisubiri kule ambalo ningekuuliza wewe. Sina mwingine wa kumuuliza.

Nianze na msiba wako, kwa sababu sijui kama mtu amekuhadithia. Wodi haifungwi, kwa hiyo tulikuja kwenu, mtaa wa Gerezani, kwa makundi. Mimi nilifika wanaume wameshaondoka na jeneza. Nikakaa mkekani pamoja na kina mama. Mdogo wako akaniletea maji, akaniuliza, "Wewe ndiye Tausi? Alikuwa anakutaja." Sikuweza kumuuliza ulinitaja kwa lipi. Presha, walisema. Wewe uliyekuwa unawapima presha mama wa wagonjwa wote na kuwagombeza kwa chumvi.

Kiti chako cha dirishani hakuna aliyethubutu kukikalia. Halafu siku moja akaja mgeni wa mgonjwa, hajui hili wala lile, akakaa. Basi, kikawa kiti. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kugawa mashuka.

Nataka kukuandikia habari za Mwajuma, yule mgonjwa wako mdogo. Lakini siwezi kuzieleza bila kutaja ile hodi yako.

Nakumbuka nilivyokuona mara ya kwanza ukimtafuta mtoto mshipa. Ulimshika mkono, ukaugonga mgongo wa kiganja kwa vidole viwili, ukasema, "Hodi hapa." Mtoto kimya. Ukangoja. Foleni imejaa mpaka kwenye korido, daktari anaita, sindano iko tayari, na wewe unangoja. Mpaka kisauti kikatoka: karibu. Ndipo ukaingiza. Wale wa miaka miwili walisema "kaibu" huku machozi yanawatoka. Waliosema hapana uliwauliza mwenye nyumba atarudi saa ngapi, ukaondoka, na baadaye ukarudi kweli kubisha tena. Mama mmoja wa Buguruni akakutania kwamba mwanawe angekuwa na sebule ungetaka na chai. Ukamjibu, "Chai nitakunywa akipona, na maandazi utapika wewe."

Mimi nilidhani unapoteza muda. Ukaniita pembeni, ukaniambia, "Tausi, huyu mtoto hana chake hapa. Shuka letu, kitanda chetu, sahani yetu. Mkono tu ndio wake." Tangu siku hiyo sikucheka tena. Na wodi nzima ikaiga. Hata Daktari Bhavna, binti wa Kisutu uliyekuwa ukimwita mwanangu, alibisha hodi kwanza.

Sasa asubuhi ya kesho yake baada ya kukuzika, Mwajuma aliamka akaketi kitandani, shuka amejifunika kichwani kama mtandio kwa sababu nywele zake zimeisha na zile dawa za saratani ya damu. Akauliza, "Sista Rukia yuko wapi?" Sista Anjela, aliyeshika wodi badala yako, alikuwa macho yamemvimba. Akasema, "Yuko likizo. Ameenda Tanga."

Unajua desturi yetu. Neno kufa halitajwi mbele ya watoto. Mtoto akifa alfajiri, wenzake wakiamka wanakuta kitanda kimetandikwa, na sisi tunasema amehamishwa wodi. Wewe pia ulisema hivyo, Dada. Sikulaumu. Sote tulisema. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyeshtuka. Tulipokea lile neno likizo kama tulivyopokea zamu.

Lakini uongo ule haukutulia mahali pamoja. Mpishi wa uji akamwambia umeenda kumuuguza mama yako. Muuguzi wa mchana, asiyejua lililosemwa asubuhi, akamwambia uko harusini kwa mpwa wako. Mwajuma akasikiliza wote, kisha akaniuliza mimi, "Kwa hiyo mama yake anaumwa na hapohapo wanacheza ngoma?" Nikacheka. Sijui nilichekaje, Dada, mbele ya yule mtoto, nikamwambia Tanga ndivyo walivyo.

Halafu mkono wake ukavimba. Kanyula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilikuwa imeharibika, ikabidi atafutiwe mshipa mwingine. Muuguzi akabisha kwa upole, hodi hapa. Mwajuma akauficha mkono chini ya paja. "Sijasema karibu. Namsubiri Sista." Wakamwacha, wakarudi mchana. Bado anakusubiri. Wakarudi tena jioni. Alisema hivyohivyo, kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyeachiwa nyumba na kuambiwa asimfungulie mgeni mlango. Ulimfundisha vizuri mno.

Dawa zile haziruhusiwi kurukwa. Zinafuatana, na zikikatika ugonjwa unapata nafasi. Sista Anjela akajaribu kubembeleza, mama yake akajaribu kwa ukali, mwisho tukamshika. Wawili mikono, mmoja kichwa, na mimi miguu. Mtoto mwepesi vile, sijui nguvu zilitoka wapi. Hakumlilia mama yake. Alikuita wewe. Alisema, "Sista Rukia, njoo uwaambie." Alirudia hivyo mpaka sauti ikakauka, na mshipa haukupatikana, kwa sababu ukimshika mtoto kwa nguvu mishipa inakimbia. Hilo pia ulinifundisha wewe.

Daktari Bhavna aliingia, akatuambia tumwachie. Akatuita kwenye chumba cha dawa. Hakupaza sauti. Akasema, "Huyu mtoto hakatai dawa. Anamsubiri mtu, na sisi tumemwambia huyo mtu anakuja." Mama Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno kwa khanga. Akasema basi mwambieni, na amwambie Tausi, maana kwa Tausi hanuni.

Nilimwambia nikiwa nabadilisha shuka, ili mikono yangu iwe na kazi. Nikasema, "Mwajuma, Sista Rukia hayuko Tanga. Amefariki."

Kisha akauliza, "Amezikwa?"

Nikasema ndiyo.

"Mlienda?"

Nikasema tulienda.

"Mbona hamkunichukua?"

Akawa anaangalia kile kitanda cha kona, alikokuwa akilala Jofrey. Nilidhani ataanza kulia na nikajiandaa kumpakata. Akasema, "Kwa hiyo Jofrey naye hakuhamishwa." Nikasema hapana. Akataja Neema. Nikatikisa kichwa. Akamtaja yule mtoto wa Pugu aliyekuwa na gari la waya. Aliendelea kutaja, taratibu, wengine mimi nilishawasahau, na kwa kila jina nilimjibu ukweli. Shuka nililishika mkononi muda wote ule. Alipomaliza alilala akageukia ukutani.

Baadaye muuguzi alikuja akabisha. Mwajuma akautoa mkono. Hakusema karibu, hakusema hapana. Aliutoa kama mtu anayekabidhi kitu ambacho si chake tena, akatazama dirishani mpaka kazi ikaisha. Na ndivyo anavyofanya tangu hapo. Halii. Wenzangu wanamsifu, wanasema Mwajuma siku hizi jasiri, ameshakua. Nikisikia hivyo natoka nje. Ningetoa chochote nimsikie akipiga kelele.

Na dawa hazikufanya kazi. Sijui kama ni kwa sababu ya zile siku alizokuwa anakusubiri. Nilimuuliza Daktari Bhavna, akasema huenda isingebadilisha kitu. Alisema huenda. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Mwajuma alielezwa kwenye chumba kidogo cha wazazi. Alipotoka alitoa amri moja tu: mtoto asiambiwe. Tukaitika wote. Tumezoea.

Juzi nilikuwa nagawa uji. Nilipofika kwake nikamkalisha, nikampulizia kikombe. Akasema polepole, ili mama yake aliyesinzia chini asisikie, "Dada Tausi, na mimi nitahamishwa?"

Alitumia neno letu lile. Nadhani alitaka kunirahisishia.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza nimalize kugawa uji."

Ndivyo nilivyomjibu, Dada Rukia. Nikasukuma toroli. Niliporudi alikuwa amefumba macho, na sidhani kama alilala.

Tangu juzi sijapata usingizi wala chakula. Nikipita mtaani nikaona watoto wanarushiana kandambili naona hasira, naona kama wanaiba. Sitaki kurudi kule. Nimefikiria kuacha kazi, niuze hata vitumbua. Ulisema moyo wa kazi hii unakomaa kama kisigino. Wangu haukukomaa, umepasuka tu. Na kama wako ulikomaa, mbona ulikufa kwa presha?

Nisamehe. Hilo sikulipanga.

Leo asubuhi nilienda sokoni Mchikichini. Mama Mwajuma huwa anapata saa chache za Jumapili za kuuza, dada yake akikaa wodini na Mwajuma. Nilimkuta kwenye meza yake ya nguo za watoto, anakunja vigauni. Nikamwambia alichoniuliza mwanawe. Hakuinua uso. Akasema, "Nyinyi ndio mliomwambia habari ya Sista, mwanangu akazimika kama taa. Sasa mmekuja kumalizia." Mteja akaja, akauliza bei, akaondoka. Nikamwambia kwamba Mwajuma haulizi ili ajue. Anajua. Anauliza ili ajue kama kuna mtu wa kuzungumza naye.

Akakasirika zaidi. "Wewe zamu ikiisha unaenda kwenu. Nani atakayekuwa naye akishalijua hilo, giza likiingia? Si mimi?"

Ni yeye. Nikasema ni kweli. Nilikuwa nimeshageuka niondoke, nimeshindwa, ndipo akaniita kwa jina. Alikuwa ameacha kukunja. Akasema, "Nimemzaa mimi, nitamwambia mimi. Lakini wodini kwenu hapana faragha. Huyu anaingia na kipimajoto, huyu na ufagio, huyu na dua. Nitaanza kusema, mtu ataingia, na sitaweza kuanza tena."

Nikamwambia kile chumba kidogo cha wazazi kina mlango. Akanitazama, akasema, "Basi wewe simama pale."

Ndilo hilo nililotaka kukuuliza. Nitafanyaje, Dada, nikisikia sauti ndani? Niingie? Nizibe masikio? Wewe ungejua. Mimi najua kusimama tu, na hata hilo sina uhakika. Nimejaribu kuomba Mungu ampe nafuu. Nikifika kwenye jina lake maneno yanakwisha. Kwa hiyo siombi nafuu tena, naomba tu asiwe peke yake ndani ya anachokijua. Hata hilo naliomba bila matumaini, kama mtu anayetupa maji baharini.

Nakuaga sasa. Mwadhini wa alasiri ameshaanza na sijapiga pasi sare. Sikukuaga siku ile, nilifika umeshachukuliwa, kwa hiyo pokea hapa. Lala salama, Dada Rukia. Mungu akupe mahali pasipo kengele ya zamu.

Na ahadi yangu ni hii, sina kubwa kuliko hii. Kesho nitamsukuma Mwajuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka chumba kile, nitamwacha na mama yake, nitafunga mlango na kusimama nje mgongo umeegemea mbao. Akija daktari, nitamwambia asubiri. Akija Sista Anjela na chati yake, atasubiri. Uji upoe, vitanda vibaki bila kutandikwa, anifukuze kazi anayetaka. Sitaondoka pale mpaka wafungue wenyewe.

Mdogo wako,
Tausi