Jani la Kiazi Ulilonitumia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na Mama. Natumaini goti la Mama limepata nafuu, na wifi bado anakutania kwa kulala mapema kama kuku. Mimi ni mzima wa mwili.

Najua mnanisema. Arusi yako sikuja, Mama kaugua sikuja, na wifi kaniambia kwenye simu kwamba nimeota mapembe. Ukweli ni huu: maabara yetu hairuhusu anayeshika ukungu wa viazi, ule ugonjwa unaoozesha majani, kukanyaga shamba la viazi, asije akaubeba kwenye viatu. Na kwetu viazi vimefika hadi kizingitini. Sikuwaambia kwa sababu mngenitaka niache kazi, na pesa za dawa za Mama zinatoka hapa hapa. Basi nashinda kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Kuna siku natamani kupiga kelele.

Wewe huu ukungu unauita kuvu. Si kuvu hata kidogo. Mwili wake ni nyuzi nyembamba, na kuta za nyuzi hizo zimejengwa kwa kitu kilekile kinachojenga kuta za seli za kiazi chenyewe; za kuvu sivyo. Ndani ya uzi hakuna vyumba, ni bomba moja refu, viini vinapishana humo kama watu kwenye korido. Juu ya jani huning'iniza vifuko vyenye umbo la ndimu. Kukiwa na baridi na umande, kifuko hufunguka, vijimbegu vyenye mikia miwili vikatoka kuogelea. Baadaye hutupa mikia, hujiviringa, huchipua na kulitoboa jani. Siku chache tu, shamba linanuka.

Hayo tumeyazoea, na dawa ipo. Lakini jani ulilompa dereva wa lori aniletee, ukaniomba nilitazame kimyakimya majirani wasijue, lina jambo jingine. Ukungu huu una aina mbili, kama dume na jike, na huku tulikuwa tunaiona moja tu. Kwenye jani lako zimekutana zote, zikazaa yai lenye ganda nene. Yai hilo hulala udongoni miaka, hata usipopanda kitu. Nilitazama tena na tena, nikiomba macho yangu ndiyo yawe mabovu.

Kaka, nimemwambia mkuu wangu. Ningenyamaza, bonde zima lingefuata. Barua hii ikikufikia, wakaguzi watakuwa wameshafika. Watang'oa na kuchoma kila kitu, na viazi hutapanda tena kwa muda mrefu. Nakuomba usifiche mbegu. Uliniamini nami nimekusaliti, na nimelia hadi nimekauka.

Mkuu, akidhani ananifariji, kaniambia kwamba shamba likishakuwa tupu, sheria hainizuii tena. Naruhusiwa kuja nyumbani.

Nisalimie Mama, ila habari ya jani mwambie wewe, mimi siwezi. Nitakuja moto ukishazimika. Ukinifungia mlango sitakulaumu, nitakaa nje mpaka Mama atakaponiita.

Ni mimi dada yako, yule uliyempa jina la Chiriku