Kaptula ya Kukalia

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, wanangu, na Mama hapo kwako. Natumaini mgongo wako umetulia na kikohozi cha kitinda mimba kimekwisha. Mimi ni mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni, na kuanzia magotini hadi nyayoni. Sehemu iliyobaki katikati ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Barua yako niliipata. Umenishauri niiuze baiskeli, maana wewe uliyenifundisha kuiendesha uliishia kuitundika yako ukutani. Umesema sisi watoto wa Mama hatukuumbiwa kiti cha baiskeli; wenzetu waligawiwa nyama za kukalia, sisi tulipofika dirisha lilikuwa limefungwa. Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu ulikaribia kunishawishi. Unajua mbio za wanawake ziko karibu, na kocha wetu unamjua. Aliniona nikipanda kilima cha kiwanda cha saruji nimesimama juu ya pedali, nikateremka nimesimama, hata tambarare nikapita nimesimama. Akaniambia kwamba mwendesha baiskeli asiyeweza kukaa ni mtembea kwa miguu aliyepotea njia, na kwamba nikisimama hivyo tena siku ya majaribio, nafasi yangu kwenye timu atampa mpwa wake. Mpwa wake ana matako, Dada. Nimeyaona.

Basi nikaanza kutafuta kaptula ya baiskeli yenye sponji. Laiti ningejua!

Katika duka la vifaa vya michezo, muuzaji aliniletea ya wanaume, akasema kaptula ni kaptula. Sponji ilianzia mgongoni ikaishia karibu na kitovu, na mbele ilikuwa imeachiwa nafasi ya vitu nisivyokuwa navyo. Nikaomba ya kike, akaniletea ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Ndogo ya nani, hakusema. Nilipogeuka nyuma kujitazama kwenye kioo, mimi niligeuka, yenyewe ikabaki inatazama mbele. Akanifariji kwamba itanikaa nikinenepa. Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Nikamshukuru nikatoka, meno nimeyauma.

Mwenye duka la pili alinipima kwa macho, akanielekeza upande wa watoto. Nakiri ile ya watoto ilinitosha. Ilikuwa na bata wawili wa njano mapajani, na sponji yake nilipoibonyeza vidole vyangu vilikutana. Niliinunua kwa hasira, nikaenda nayo mazoezini kwa hasira, nikarudi na vidonda vipya na jina jipya. Mpaka leo wapo wanaoniita Mama Bata.

Nikamwendea fundi suti wa mtaani kwetu. Alinipima nimesimama wima kama askari, akaniambia nisihangaike kununua sponji, anayo bora, ya makochi. Ikiwa kavu, ile kaptula ilikuwa raha tupu. Nilijiona nimekalia sebule. Kisha mvua ikanyesha. Sponji ya kochi haijui kushiba maji, Dada. Niliingia uwanjani nikitiririka, nyuma yangu nimeacha mchirizi tangu getini. Kocha alinitazama, akageuza uso, akaniruhusu niende nyumbani bila kuniuliza neno. Alidhani nini, sitaki kujua.

Jioni ile nilikaa ndani ya beseni la maji ya chumvi nikalia. Maumivu yalikuwepo, lakini zaidi nilichoshwa na kuambiwa na kila mtu kwamba kosa ni la mwili wangu. Muuzaji aliniambia, mwenye duka la pili aliniambia kwa macho, hata wewe uliniambia, na wewe ndiye ninayekuamini.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa timu tunayemwita Treni, kwa kuwa akikupita unasikia upepo. Aliniona nimekalia benchi kwa upande mmoja, akanishika mkono, akanipeleka kwa mama mmoja anayeshona nguo za kuogelea nyuma ya soko. Mama huyo kutwa anashughulika na vitambaa vinavyovutika, na kwa ufupi wa kimo amenishinda hata mimi. Aliagiza baiskeli iingizwe ndani. Ikaegemezwa kwenye meza ya kukatia, nikapanda, akanipima nimekaa, nimeinama, mikono kwenye usukani, huku akinung'unika kwamba nguo ya kukalia anapimwa aliyekaa. Kisha akatafuta sponji halisi ya baiskeli, akaipunguza pande zote mpaka ikalingana na mifupa yangu.

Siku ya kuijaribu, ilinishika bila kunibana. Nilikuwa karibu kulia tena, safari hii kwa furaha, Treni alipochungulia pazia akauliza hiyo mistari ni ya nini. Nikamwambia ni chupi. Akauliza chupi ya kazi gani. Nikamjibu, kwa kujivuna kidogo, kwamba mimi nimelelewa.

Treni alikaa sakafuni. Alicheka mpaka yule mama akasimamisha cherehani. Alipopata pumzi akanieleza kwamba kaptula ya baiskeli haivaliwi na kitu ndani. Mishono ya chupi ndiyo inayosugua na kuchimba vidonda, na hata ushonewe godoro zima, chupi itakufuata humo humo. Nikauliza mbona kocha hakutuambia. Akasema kocha anaona aibu kutaja chupi mbele ya wanawake, hivyo anatuachia tuambiane, na sisi kila mmoja anadhani mwenzake anajua.

Unamkumbuka Mama mlangoni? Hata ukienda bombani tu, lazima aulize kama umevaa. Mwanamke akianguka barabarani bila nguo ya ndani, aibu ni ya ukoo mzima. Na wewe ulipoanza mbio ukajishonea zile chupi nene za pamba, zenye mshono mara mbili, ukijua unajikinga. Uliponifundisha baiskeli ukanishonea na mimi. Ndizo nilizokuwa nikivaa.

Siku ya majaribio nilivaa kaptula peke yake. Kutoka mlangoni hadi barabarani niliona kama kila jirani anajua. Lakini nilikaa. Kilima chote cha saruji nilikipanda nimekaa. Kocha hakusema kitu, na kwake hiyo ndiyo sifa. Mpwa wake atatubebea chupa za maji.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Hakuna aliyekuwa akikushika barabarani. Ulikuwa karibu kuwa nahodha ulipoacha. Nilikuwepo siku uliposhuka mara ya mwisho, kaptula imelowa damu, ukasema mwili wako umekataa, ukaingia ndani, na baiskeli hukuigusa tena. Miaka yote hii umeuamini uongo huo, nami nikauamini kwa sababu umetoka kinywani mwako. Dada, mwili wako haukukataa kitu. Ilikuwa chupi.

Nimelia kwa ajili yako zaidi ya nilivyolia ndani ya beseni.

Kifurushi kilichokuja na barua hii ni chako. Nilipanda baiskeli pale dukani kwa niaba yako, nikamwomba yule mama aongeze kiunoni kidogo kwa heshima ya wanangu. Mwambie shemeji aishushe ile baiskeli ukutani aijaze upepo. Mbio zikikaribia nitakuja, tuendeshe pamoja hata kama ni hadi mwisho wa mtaa.

Wasalimie wote, majirani na wanaoniulizia. Mama mshikie miguu kwa niaba yangu. Akikuuliza mlangoni kama umevaa, mwambie ndiyo, kisha ondoka haraka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekaa kitako ninapoandika haya,

Kijiko