Maharagi, Mahindi na Mutoto Wako Neema

Yaya wangu Masika,

Ni mimi sasa ninafundisha mimea mu klasi yako. Nyuma ya matanga yako, directeur, mukubwa wa masomo, aliniita. "Weye ni mudogo wake, batoto batakuzoea mbio." Sikukatala. Tulikuwa tumekimbia Beni mikono mitupu, homa ikakukamata hapa Butembo, na Neema wako alipashwa kula. Lakini kila asubuhi ninasimama mbele ya tablo na haya, kama mutu mwenye ameikala mu kiti cha mwingine.

Unakumbuka shamba ya mama kule Vuhovi? Uling'oa muti moja ya mahindi na moja ya maharagi, ukaniambia, "Kavira, angalia mizizi kwanza. Ya mahindi ni mingi, miembamba, inatoka yote pamoja. Ya maharagi, moja mukubwa unashuka, midogo inatokea kwake." Ukanionyesha majani: mishipa ya mahindi inafuatana, ya maharagi inashikana kama wavu. Kisha ukasema nipasue mbegu. Ya haragi ilitoka bipande bibili. Ya mahindi ilikatala, nikailuma, mama akapiga kelele: "Munakula mbegu yangu!" Ulicheka mpaka ukaanguka mu matope.

Juzi nilituma banafunzi balete majani ya nyuma ya klasi, tuyagawanye: yenye kuzaa mbegu huku, yenye hayana mbegu kule. Neema alileta jani moja ya mu kivuli, lenye madoa ya kahawia chini.

"Mama, hii vumbi ni mbegu?"

Klasi yote ikacheka. Unajua, ku nyumba ananiitaka mama mudogo, mu klasi Madame. Alificha uso na jani. Mimi nikamujibu, "Hapana, mwanangu, si mbegu. Lakini ule unga ndio unazaa majani ingine kama hii." Nikaendelea kufundisha, furaha imenijaa.

Mbele kengele ilie, ile furaha ilishageuka kuwa haya. Kazi yangu, mutoto wangu, byote byenye ninapenda leo, ningebikosa kama ungekuwa muzima. Ninakulilia kweli, yaya. Na tena ninafurahi. Sijui mutu anaombaka musamaha namna gani juu ya ile.

Nilimwambia mama yetu. Alikuwa anatoa maharagi mu maganda, hakuinua kichwa. "Basi unataka mutoto akose mutu wa kuita mama mpaka lini?"

Nikaikala, nikamusaidia kutoa maharagi.

Leo, mbele ya kwenda kanisa, Neema aliikala chini, kati ya magoti yangu, nimusuke.

"Mama, usivute na nguvu."

Hakukuwa mutu wa kucheka. Angeweza kujisahihisha, hakujisahihisha. Nililegeza vidole byangu mu nywele zake, zenye ni zako kabisa.

"Iyo, mwanangu," nikamwambia.

Pumzika, yaya. Unisamehe kama unaweza: sitamukataza kuniita vile.

Mudogo wako,
Kavira