Tumbo la Tekla na Kopo la Maziwa

Alhamisi. Mvua imekatika, jua linachoma

Sasa hivi mwanangu Tekla ametumbukiza mkono mzima kwenye bakuli langu la uji wa dagaa, akajipaka mpaka kwenye nyusi, kisha akasema, "Lete!" Nacheka peke yangu hapa jikoni.

Maana kwetu Matiri, huko juu kwenye kahawa, mtoto mdogo hapewi samaki. Mama yangu anasema atachelewa kuongea. Kwa hiyo hata nilipoolewa huku Chiwanda, ziwani, Tekla alipoacha kunyonya nilimnyima dagaa. Baba yake akaleta kopo la maziwa ya unga kutoka Mbinga mjini. Siku hizi maduka yamejaa, kila kitu kipo. Alilibeba kifuani kama mtoto wa pili.

Tekla akaharisha. Akaisha mwili. Kliniki wakampima, uzito umeshuka, nikalia njia nzima.

Bibi yake mume wangu ndiye aliyenishtua. "Mke mwenzangu, ukoo huu ulifuga ng'ombe lini? Mpe mume wetu kikombe cha maziwa usiku, uone kama mtalala chumba kimoja!"

Nikacheka, halafu nikakumbuka. Na mimi maziwa yananivuruga tangu shuleni.

Pande zote mbili!

Nikamuuliza nesi wa zahanati. Hakushangaa. Alisema tumbo la namna hiyo mtu anaweza kulirithi, na wengi wetu tunalo. Akasema nisimamishe maziwa, nimpe dagaa wa kusaga.

Nimesimamisha. Bibi anakaanga dagaa wakavu bila mafuta, anawatwanga na karanga, mimi nakoroga kwenye uji. Kuharisha kumekoma. Mapaja yanarudi.

Baba Tekla hajui. Yuko Mbinga anauza dagaa, anarudi leo, na ameahidi kopo lingine. Hebu fikiria, dagaa wanapanda mlima ili maziwa yateremke!

Naogopa kidogo. Simwogopi yeye, naogopa ule uso wake akiwa ameleta zawadi. Lakini nitamwambia leo leo. Sitasema bibi kasema, wala nesi kasema. Nitasema mimi mama yake nimeona.

Huyo amefika. "Mama Tekla! Njoo upokee mzigo, na kikombe cha Tekla uje nacho!"

Nakuja. Kwanza nampa mtoto amnyanyue, aone mwenyewe alivyo mzito, halafu hilo kopo nitamwambia kwa nini hatulifungui.